Mafunzo Niliyopata Nikioka Piza ya Kombe

Piza ya kombe ina mji wake, nao ni New Haven, katika jimbo la Connecticut, pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Frank Pepe, Mtaliano wa Maiori, alifungua duka lake Wooster Street mwaka 1925, akaoka kwa makaa ya mawe. Mwaka 1938 mpwa wake, Salvatore Consiglio, akafungua la kwake, Sally's, mtaa huohuo. Piza nyeupe ya kombe ilizaliwa kwa Pepe miaka mingi baada ya duka kufunguliwa, na vitu vyake ni vichache: donge jembamba, kombe wabichi, kitunguu thaumu, oregano, jibini ya kondoo iliyokunwa na mafuta ya zeituni. Hakuna nyanya.

Chuo Kikuu cha Yale hufundisha Kiswahili, na kutoka hapo hadi Wooster Street ni mwendo wa miguu, kwa hiyo si ajabu kusikia lugha yetu kwenye foleni ya Pepe. Mimi nimezeekea mji huu. Nilianza kuoka nyumbani kwa uvivu wa kupanga foleni wakati wa baridi, nikaendelea kwa kiburi. Nimekulia Tanga, kombe nimewajua kabla ya kujua kusoma, Mtaliano atanifundisha nini? Haya hapa ndiyo niliyofundishwa. Sina shaka utaoka, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyomweleza binti yangu, pamoja na yale ya kuchekesha.

1. Sinia ya mgeni si lazima ijae

Siku ya kwanza kualika watu, niliitazama piza yangu nyeupe kabla haijaingia motoni nikaona haya. Ilikuwa tupu. Kombe wametawanyika huku na huko, katikati unga mtupu unakodoa macho. Nilikotoka mimi, mgeni hapewi chakula anachoweza kukihesabu. Nikaongeza mozarela. Mozarela ikadai nyanya, nyanya ikadai pilipili hoho, na kwa kuwa kwenye friza kulikuwa na kamba, nao wakaingia. Shemeji yangu wa Mombasa, mtu asiyejua kuficha, alikula kipande kizima, akafuta mikono, akauliza: "Shemeji, hao kombe wenyewe wanakuja lini?"

Ladha ya kombe ni ya upole. Ana utamu kidogo na chumvi ya bahari, basi. Mozarela ikiyeyuka inamfunika, nyanya kwa ukali wake inamzima, na kamba anamshinda sauti. Kilichonishangaza baadaye ni kwamba kwa desturi ya New Haven hata piza ya nyanya haina mozarela, mpaka uiombe kama nyongeza. Ukiagiza ya kawaida bila kusema neno, utaletewa nyanya na jibini ya kukunwa. Miaka yote ile nilikuwa nadhani wananibania.

Siku hizi kila kitu ninachotaka kuongeza nakiuliza swali moja: kitamsaidia kombe au kitamziba? Ndimu hupita, ikikamuliwa mezani. Pilipili kavu iliyopondwa hupita kwa shida. Wapo wenyeji wanaoweka nyama ya nguruwe ya moshi. Kwa wengi wetu hilo halina mjadala, na hata asiyejali dini akiionja atakubali kwamba moshi ule haumbakizii kombe kitu.

2. Kombe wanunuliwe hai na walale hai

Mama yangu hakuwahi kununua kombe. Bamvua ikifika na maji yakipwa, wanawake wa mtaa walishuka na ndoo zao kwenda kuchokoa, wakapanda kabla maji hayajajaa, na jioni kombe walikuwa chunguni na nazi. Kwa hiyo nilikua nikijua kuwapika bila kujua kuwatunza, maana kwetu hawakuwahi kulala nyumbani. Nilipopata mfuko wangu wa kwanza hapa, wa wale wadogo wanaoitwa littleneck, niliwatia kwenye beseni, nikawajazia maji ya bomba, nikaenda kulala nimeridhika kwamba nimewarudisha kwao. Asubuhi wengi walikuwa midomo wazi na jikoni hapakaliki. Maji yasiyo na chumvi yanawaua. Mfuko wa plastiki uliofungwa nao unawaua, kwa kuwanyima hewa.

Kombe wawekwe kwenye bakuli wazi ndani ya friji, kitambaa kibichi juu yao, na waliwe siku hiyohiyo au kesho yake. Saa moja kabla ya kuwafungua, watie kwenye maji baridi yenye chumvi gramu 35 kwa kila lita, ambayo ni chumvi ya bahari yenyewe, wateme mchanga. Aliye wazi mgonge. Akijifunga yu hai, asipojifunga mtupe. Mwenye ganda lililopasuka naye aende. Na yule ambaye wenzake wote wamefunguka sufuriani yeye amekaza, usimlazimishe.

Hapa niache utani kidogo. Kuna nyakati vijimea vya baharini vyenye sumu hujaa majini. Kombe hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo sumu ile hubaki mwilini mwake, na haiondoki kwa kupikwa, moto uwe mkali kiasi gani. Ndiyo maana Marekani maeneo ya kuvuna hupimwa na kufungwa inapobidi, na kila mfuko hufungwa lebo inayoonyesha kombe wametoka wapi na walivunwa lini. Muuzaji anatakiwa kuitunza lebo hiyo siku 90. Omba kuiona, wala usione aibu; muuzaji mzuri hufurahi kuulizwa. Wewe uliye Tanga au Unguja huna lebo lakini una mdomo. Muulize mama anayekuuzia amechokoa wapi, na akikutajia mahali panapomwagwa maji machafu, nunua pweza.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini na mwenye kinga dhaifu wasile kombe ambao hawajaiva sawasawa. Waokee wa kwao waive kabisa, hata wakiwa wagumu.

3. Maji ndiyo kazi yote

Nilipoacha mozarela nilidhani nimehitimu. Kumbe nilikuwa sijagusa jambo lenyewe.

Kombe mdogo hutoa maji mengi kuliko umbo lake, na maji hayo yana ladha ambayo ukiionja huwezi kuimwaga. Mimi sikuimwaga. Niliwafungua juu ya bakuli, nikawatandaza kwenye donge, kisha nikayamimina maji yote juu kwa moyo mkunjufu. Piza ikakaa ovenini dakika kumi, ikakaa tena, ikakaa tena. Kingo ziliungua, na katikati pakabaki pamelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Tulikula kwa vijiko. Marehemu mume wangu, mpole kupita kiasi, alisema ni supu nzuri.

Sababu yake si siri. Maji hayapandi joto kupita nyuzi 100 mpaka yawe mvuke yote, na donge linataka joto kubwa kuliko hilo ili likauke na kupata rangi. Penye dimbwi hapaivi. Wenye tanuri la makaa ya mawe wana moto wa kukausha makosa yao, wewe na mimi hatunao. Kwa hiyo kombe na maji yake lazima waachane kabla ya kufika kwenye donge, kisha ladha irudishwe kwa mlango mwingine.

Njia za kumfungua ni mbili. Ya kwanza ni kumfungua mbichi, kwa kisu kifupi butu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nilitumia kisu cha kukatia nyama, na kovu ninalo kiganjani mpaka leo. Ukitaka njia hii, waweke friza dakika 15 kwanza walegee, jizungushie taulo nene mkononi, halafu sukuma upande wa makali katikati ya maganda mawili. Usichome kwa ncha. Ya pili ndiyo ninayokushauri kwa mwanzo: sufuria pana, vijiko vichache vya maji, mfuniko, moto mkali, na wewe umesimama hapohapo. Wa kwanza akiachia mdomo, mtoe. Usimngojeze kwa ajili ya wenzake. Nilikuwa nawaacha mpaka wote wafunguke ndipo niwaepue, na kufika ovenini walikuwa wameshaiva. Wakifika mezani watu wanatafuna hadi mazungumzo yanakatika.

Watoe kwenye maganda, wachuje, wakubwa wakate vipande, kisha walaze juu ya kitambaa kikavu kinyonye unyevu. Maji yao yapitishe kwenye kitambaa chepesi, maana mchanga hujificha humo hata baada ya kombe kutemeshwa. Chemsha maji hayo mpaka yabaki vijiko viwili. Yakipoa, yachanganye na mafuta ya zeituni na punje tatu nne za kitunguu thaumu zilizokatwakatwa. Onja. Bahari nzima imo mle, na maji hayamo.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni hili: katika oveni ya nyumbani kombe hawaingii pamoja na donge. Wooster Street huingia pamoja kwa sababu moto wao humaliza vyote kwa wakati mmoja. Kwangu mimi donge huenda kwanza, limepakwa nusu ya mafuta yale, dakika nne au tano, mpaka lianze kushika rangi. Ndipo navuta, natandaza kombe, jibini, oregano na mafuta yaliyobaki, narudisha kwa dakika nne hivi. Kombe waliofunguliwa wabichi wape dakika moja au mbili zaidi. Kumi na wawili wanatosha piza ya upana wa sentimita 30. Najua wanaonekana wachache. Rudia funzo la kwanza.

4. Huu si unga wa maandazi

Mtu aliyezoea kuumua maandazi ana mikono mizuri na tabia mbaya. Mimi nilitia sukari, nikatia hamira kwa kijiko cha moyo, nikaweka donge juani dirishani, na baada ya saa moja lilikuwa limeumuka kwa furaha. Piza ikatoka laini, tamu, nene. Ungeweza kuinywea chai. Halafu nikalisukuma donge kwa mti wa kusukumia chapati, nikajisifu kwa duara, kumbe nimeikamua hewa yote iliyokuwa itengeneze vile vipovu vya ukingoni. Na duara lenyewe halikuwa na maana: piza za New Haven hazina umbo, nyingi ni ndefu na zimepinda.

Chukua unga wa mkate wenye protini asilimia 12 au 13, gramu 500. Maji baridi gramu 335, chumvi gramu 10, hamira ya chengachenga gramu 2. Sukari hakuna. Kanda mpaka liwe laini, gawa madonge matatu, yapake mafuta, yafunike, yaweke kwenye friji siku mbili. Tatu ni bora zaidi. Ubaridi huipunguza kasi hamira, na katika muda huo unga hujenga ladha ambayo haraka ya dirishani haiwezi kuipata. Toa saa mbili kabla ya kuoka. Litanue kwa ncha za vidole kutoka katikati, kisha liinue lijivute lenyewe kwa uzito wake.

Unga wa kawaida wa dukani unafaa pia, ila punguza maji kidogo, anza na gramu 310. Utakuwa laini zaidi, hautavutika sana, na hakuna atakayekukamata.

5. Weusi ule haukuwa kosa

Nilipoletewa piza ya Wooster Street kwa mara ya kwanza, niliigeuza nikaona madoa meusi chini na ukingoni. Nikamwita mhudumu nikamwambia kwa adabu kwamba imeungua, naomba nyingine. Akatabasamu, akaniambia nikiletewa nyingine itakuwa hivyohivyo. Nilikula nikiwa nimenuna, na kabla sijafika nusu kununa kote kukaisha. Uchungu mdogo wa kuungua ndio unaousimamisha utamu wa kombe na mafuta. Bila huo piza hii inachosha haraka. Mwenye kwao mkate wa ufuta, unaogeuziwa uso kwenye makaa mpaka uchomeke kidogo, alipaswa kulijua hilo.

Oveni nyingi za nyumbani hukomea kati ya nyuzi 250 na 290 za Selsiasi, na tanuri la makaa ya mawe linapita 300. Tofauti hiyo naifidia kwa chuma. Bamba zito la chuma, au jiwe la kuokea, liwashiwe oveni kwa moto wa juu kabisa saa nzima kabla piza haijaingia. Saa nzima. Taa ya oveni ikizimika kukuashiria kwamba joto limefika, hewa ndiyo iliyofika, chuma bado. Kama huna bamba wala jiwe, geuza sinia nzito ya kuokea chini juu na uipashe vivyo hivyo. Piza iteleze kutoka kwenye kibao kilichonyunyiziwa unga wa mahindi, na itikise kidogo kabla ya kufungua mlango wa oveni uhakikishe haijanata. Mimi sikutikisa siku moja. Kombe walitangulia wenyewe, wakaanguka nyuma ya bamba, na jikoni kulinuka bandari wiki nzima.

6. Mkono wa chumvi uwe nyuma

Kombe wana chumvi, maji yao yaliyokauka yana chumvi zaidi, na jibini inayotakiwa, Pecorino Romano, ni miongoni mwa jibini zenye chumvi kali. Nilinyunyiza chumvi yangu juu ya hizo zote kwa mazoea tu. Wageni hawakusema neno, ila jagi la maji lilijazwa tena na tena. Usiongeze hata chembe. Kuhusu jibini yenyewe kuna nukta kwa wanaochunga chakula: Pecorino Romano halisi hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa mwanakondoo. Wako wanaoona hakuna tatizo, wako wanaotaka kujua mnyama alichinjwa vipi. Mgeni wangu akiwa wa kundi la pili, natumia jibini ngumu iliyogandishwa kwa kimeng'enya kisicho cha mnyama, na husoma kifungashio kabla ya kununua. Ladha hupungua ukali kidogo. Mgeni ni bora kuliko jibini.

7. Mlaji amngoje mwokaji

Hili liliniuma kuliko kovu la kiganjani. Nilioka zote tatu kabla wageni hawajafika, nikazifunika ndani ya oveni iliyozimwa kama ninavyofanya sambusa. Wageni wa Kiswahili unawajua. Saa moja waliyosema ilikuwa saa tatu. Nilipofunua, kombe walikuwa wamesinyaa, mafuta yameganda, na donge linavutika kama ngozi. Niliwalaumu wageni kwa miaka, hadi mmoja wao, kijana mpole, akaniuliza kwa nini sikuwangoja wao ndipo nioke.

Piza hii ina uhai wa dakika chache. Andaa kila kitu mapema: kombe wamechujwa, jibini imekunwa, madonge yamelala chini ya kitambaa, chuma kinapata moto. Kisha wageni waingie, wakae, wanywe kitu, nawe uoke moja, muile kwa mikono mkiwa mmesimama jikoni, wakati ya pili iko ovenini. Mwenye nyumba hataonekana ameketi na wageni wake, na bibi zetu wangelisema hilo si adabu. Mimi naona jikoni ndipo maneno mazuri yanaposemwa.

Kuhusu kombe wa kopo, ambao najua utaniuliza: wanafaa. Wachuje, wakaushe kwenye kitambaa, waweke dakika mbili za mwisho tu, maana wameshapikwa kiwandani. Watumie ukiwa unajifunza donge na moto, usije ukatupa kombe hai kwa sababu ya unga mbaya. Siku ukishaweza kutoa donge lililokauka chini bila kubahatisha, nunua walio hai, asubuhi ya siku hiyohiyo, na uombe kuona lebo.